Somo la 14: Ulikaji wa Metali na Utunzaji wa Mapanga ya Helikopta

1. Jembe lililosahauliwa shambani

Bila shaka umepata kuona jembe lililosahauliwa shambani wakati wa mvua. Siku lilipoachwa, makali yake yalikuwa yakimetameta. Baada ya siku chache jembe hilo limefunikwa na unga mwekundu, wa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Ukiligusa, unga huo hubaki kidoleni. Likiachwa hivyo kwa miaka, jembe huwa jembamba, hutoboka, na mwishowe huvunjika. Unga huo huitwa kutu.

Kutu ni namna moja ya ulikaji. Metali inapolika, hugeuka polepole kuwa kitu kingine kisicho na nguvu kama metali yenyewe. Chuma hulika, shaba hulika, na hata alumini hulika, ingawa kila moja hulika kwa namna yake.

Jembe likivunjika, mkulima hupata hasara, lakini aghalabu haumii. Kuna vyombo vingine ambavyo sehemu yake moja ikivunjika, watu huweza kupoteza maisha. Chombo kimoja cha namna hiyo ni helikopta. Katika somo hili utachunguza mambo yanayosababisha ulikaji. Kisha utajifunza jinsi mafundi wa majeshi wanavyoyaosha na kuyakinga mapanga ya helikopta zinazoruka juu ya bahari.

2. Ni vitu gani vinavyoleta kutu?

Hebu tuchunguze jambo hili kwa jaribio. Fanya jaribio hili pamoja na wenzako watatu au wanne.

Jaribio la 1

Vifaa: misumari 4 mipya ya chuma inayofanana, chupa 4 ndogo za kioo zenye vifuniko, maji, chumvi, mafuta ya kula.

Utaratibu:
(a) Andika alama A, B, C na D juu ya chupa zako.
(b) Anika chupa A na kifuniko chake juani mpaka vikauke kabisa. Tia msumari, kisha funika barabara.
(c) Mwombe mwalimu akuchemshie maji kwa muda wa dakika kumi, ili hewa iliyomo itoke. Tia msumari katika chupa B. Maji yakiisha kupoa kidogo, mimina mpaka chupa ikaribie kujaa. Ongeza mafuta kidogo juu ya maji ili hewa isiingie tena, kisha funika.
(d) Tia msumari katika chupa C. Mimina maji ya kawaida mpaka yafike nusu ya msumari. Usifunike.
(e) Fanya vivyo hivyo kwa chupa D, lakini kwanza koroga kijiko kimoja cha chumvi katika maji.
(f) Tazama chupa zote kila siku kwa muda wa siku saba. Andika katika daftari lako yale unayoyaona.

Umeona nini? Msumari wa chupa A haukupata kutu, kwa sababu ulipata hewa lakini haukupata maji. Msumari wa chupa B haukupata kutu, au ulipata kidogo sana, kwa sababu ulipata maji lakini haukupata hewa. Msumari wa chupa C ulipata kutu. Msumari wa chupa D nao ulipata kutu, tena mapema na kwa wingi zaidi.

Kutokana na jaribio hili tunajifunza mambo mawili. Kwanza, chuma hupata kutu kinapopata maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei. Pili, chumvi huharakisha kutu.

3. Kwa nini chumvi huharakisha ulikaji?

Metali inapolika, umeme mdogo sana husafiri kutoka sehemu moja ya metali hadi nyingine kwa kupitia maji yaliyo juu yake. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo metali iliyolowa maji ya bahari hulika haraka.

Chumvi ina tabia nyingine. Je, umewahi kuona chumvi ya jikoni ikilowa wakati wa masika, ingawa hakuna mtu aliyeitia maji? Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Hivyo, tone la maji ya bahari likikauka juu ya chuma, hatari haijakwisha. Chembe ya chumvi iliyobaki itavuta unyevu usiku, italowa tena, na kazi ya ulikaji itaendelea. Kukausha peke yake hakutoshi. Sharti chumvi yenyewe iondolewe.

Watu wanaoishi pwani wanalifahamu jambo hili. Mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari huko Tanga, Unguja au Mombasa hupata kutu mapema kuliko mabati ya nyumba za Dodoma au Tabora. Upepo wa bahari hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi na kuyatua juu ya kila kitu.

4. Alumini nayo hulika

Sufuria nyingi za nyumbani hutengenezwa kwa alumini. Kwa nini hazina kutu nyekundu? Alumini inapokutana na oksijeni, hujifunika papo hapo kwa gamba jembamba sana, jembamba hata huwezi kuliona. Gamba hilo huzuia hewa na maji yasiifikie metali iliyo chini yake. Ukilikwaruza, gamba jipya huota mara moja. Kwa sababu hiyo alumini hujilinda yenyewe.

Lakini chumvi ni adui wa gamba hilo. Hulitoboa mahali padogo padogo. Hapo alumini huanza kulika kwenda chini, na kufanya vishimo vidogo. Dalili yake ni unga mweupe au wa kijivu. Vishimo hivyo ni hatari kwa sababu kwa nje huonekana vidogo kama ncha ya sindano, kumbe kwa ndani vimekwenda mbali.

Kuna hatari nyingine tena. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo. Moja kati ya metali hizo hulika upesi ili nyingine isalimike. Alumini ikigusana na chuma katika maji ya bahari, alumini ndiyo inayolika. Kumbuka jambo hili, maana utalihitaji baadaye katika somo hili.

5. Helikopta na mapanga yake

Ndege ya kawaida ina mabawa yasiyosogea. Ili ipae, lazima ikimbie kwanza. Helikopta haina mabawa ya namna hiyo. Juu yake ina mapanga marefu yaliyofungwa kwenye kitovu. Injini huyazungusha mapanga hayo, nayo husukuma hewa chini, na helikopta huinuka. Mapanga ndiyo mabawa yake. Panga moja likikatika angani, helikopta haiwezi kuendelea kuruka.

Chukua mfano wa helikopta ya kijeshi iitwayo Sea King, iliyotengenezwa Marekani. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliitumia hadi mwaka 2006. Tarehe 24 Julai 1969, wanaanga watatu waliotoka safari ya kwanza ya binadamu kutua mwezini walishuka katika Bahari ya Pasifiki. Helikopta ya aina hii ndiyo iliyowatoa baharini na kuwapeleka kwenye manowari.

Sea King ilikuwa na mapanga makubwa 5. Kutoka ncha ya panga moja hadi ncha ya panga la upande wa pili kulikuwa na karibu mita 19. Mapanga hayo yalizunguka zaidi ya mara 3 kwa kila sekunde. Hivyo ncha ya panga ilikwenda karibu mita 200 kwa sekunde moja. Huo ni kama urefu wa viwanja viwili vya mpira, mara tu unapotamka neno "moja"!

Funga jiwe dogo kwenye kamba, kisha lizungushe mahali pasipo na watu. Utasikia jiwe likivuta mkono wako. Ukilizungusha kwa kasi zaidi, huvuta kwa nguvu zaidi. Panga la helikopta nalo huvuta kitovu namna hiyo hiyo, lakini kwa kani kubwa mno, mara nyingi kuliko uzito wa panga lenyewe. Pamoja na hayo, panga hupinda juu na chini kidogo katika kila mzunguko. Kwa saa moja ya kuruka, panga la Sea King lilipinda hivyo zaidi ya mara 10,000.

6. Kishimo kidogo huzaa ufa

Je, kupinda mara nyingi hudhuru metali? Tuchunguze.

Jaribio la 2

Vifaa: vipande 2 vya waya vinavyofanana, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 20, tupa.

Utaratibu:
(a) Mwombe mwalimu akate alama ndogo kwa tupa katikati ya kipande kimoja.
(b) Pinda kipande kisicho na alama katikati, huku na huku, mpaka kikatike. Hesabu ni mara ngapi umekipinda.
(c) Fanya vivyo hivyo kwa kipande chenye alama.
(d) Angalia vimekatikia wapi. Jihadhari, ncha za waya huchoma, na mahali palipokatikia huwa pa moto.

Umeona nini? Waya wenye alama umekatika mapema, tena umekatikia pale pale penye alama. Hukutumia nguvu kubwa kuukata. Kupinda mara nyingi ndiko kulikoukata. Metali inayokatika kwa njia hii husemwa kuwa imechoka, na hali hiyo huitwa uchovu wa metali.

Sasa fikiri juu ya panga la helikopta. Kishimo kilicholika kwa chumvi ni sawa na ile alama ya tupa. Panga likipinda maelfu ya mara, ufa huanzia penye kishimo. Ufa huo huanza ukiwa mfupi kuliko ukucha wako, kisha hurefuka polepole, bila kelele. Siku moja sehemu iliyobaki hushindwa kustahimili kani, na panga hukatika ghafla. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mafundi wa helikopta, methali hii huanza kabla ya ufa wenyewe: huanza kwa kuosha chumvi.

7. Maadui watatu wa mapanga

Mapanga ya helikopta za kijeshi yana maadui watatu wakubwa.

Adui wa kwanza ni chumvi. Moja ya kazi za Sea King ilikuwa kutafuta nyambizi. Ilisimama angani chini chini juu ya bahari na kuteremsha majini chombo cha kusikilizia sauti. Upepo mkali wa mapanga uliyapiga maji, ukayarusha kama manyunyu, na manyunyu hayo yakarudi juu ya mapanga yenyewe. Baada ya kazi helikopta haikwenda kupumzika nchi kavu, bali ilitua kwenye manowari, katikati ya upepo ule ule wa chumvi.

Adui wa pili ni mchanga. Helikopta inapotua jangwani au ufukoni, huinua wingu la vumbi. Chembe za mchanga hupiga ukingo wa mbele wa panga kwa kasi kubwa na kuukwaruza kama msasa.

Adui wa tatu ni mvua. Tone la mvua ni laini likianguka kiganjani mwako. Lakini kwa panga linalokwenda mita 200 kwa sekunde, tone hilo hupiga kwa kishindo. Mvua nyingi hubandua rangi ya ukingo wa mbele.

Maadui hawa husaidiana. Mchanga na mvua huvua rangi, kisha chumvi huingia mahali palipo wazi. Ndiyo sababu ukingo wa mbele wa mapanga ya helikopta nyingi hufunikwa kwa ukanda wa metali ngumu isiyokwaruzika upesi.

8. Namna mapanga yanavyooshwa

Kanuni kubwa ni hii: chumvi iondolewe mapema, kabla haijaanza kazi yake. Helikopta iliyoruka chini juu ya bahari husuuzwa kwa maji matamu, yaani maji yasiyo na chumvi, baada ya kazi ya siku kwisha. Baada ya muda uliopangwa, huoshwa kwa ukamilifu kwa sabuni. Mafundi hufuata hatua hizi:

Hatua ya kwanza: Injini huzimwa, na mapanga hufungwa yasizunguke. Matundu ambayo hayapaswi kuingia maji hufunikwa. Mafundi huvaa glavu na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya pili: Mapanga husuuzwa kwa maji matamu mengi, ili kuondoa chumvi na mchanga. Mchanga usipoondolewa kwanza, fundi atakaposugua atakuwa anaikwaruza rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Hatua ya tatu: Sabuni maalumu ya ndege huchanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa. Sabuni kali mno huweza kudhuru metali na rangi. Mapanga husuguliwa taratibu kwa sponji au brashi laini, sehemu baada ya sehemu, juu na chini. Sabuni haiachwi ikaukie juu ya panga. Kwa hiyo mafundi huepuka kuosha panga lililopata moto juani.

Hatua ya nne: Mapanga husuuzwa tena mpaka sabuni yote iishe. Maji yenye nguvu nyingi hayaelekezwi kwenye maungio. Yakielekezwa huko huweza kupenya chini ya gundi, au kuondoa grisi katika sehemu zinazozunguka.

Hatua ya tano: Mapanga hufutwa kwa kitambaa safi na kikavu. Vitundu vidogo vya kutolea maji hukaguliwa, ili kuhakikisha kwamba havikuziba. Maji yakibaki ndani ya panga, hulifanya kuwa zito kuliko mengine, na helikopta hutetemeka.

Hatua ya sita: Grisi mpya hutiwa katika sehemu zinazoihitaji, kwa sababu kuosha huondoa grisi ya zamani.

Sasa jibu swali hili kabla ya kuendelea: kwa nini mafundi hawasugui panga la alumini kwa zile nyuzi za chuma zinazotumika kusugulia masufuria? Rudia sehemu ya 4. Nyuzi hizo hukatika, na vipande vidogo vya chuma hukwama katika alumini. Unyevu ukifika, chuma na alumini huwa betri ndogo, na alumini hulika. Fundi aliyetaka kusafisha atakuwa amepanda mbegu ya ulikaji.

9. Kukagua na kukinga

Panga likiisha kuwa safi, fundi hulikagua. Uchafu huficha mengi. Ndiyo maana kuosha huja kabla ya kukagua. Fundi hutafuta rangi iliyovimba kama malengelenge, unga mweupe, vishimo, mikwaruzo na nyufa. Hupitisha macho na vidole kutoka kwenye kitovu mpaka nchani.

Mapanga mengi yameunganishwa kwa gundi. Ili kujua kama gundi imeachana, fundi hugonga panga polepole kwa kitu kidogo kigumu na kusikiliza. Penye gundi nzuri hutoka sauti kali. Palipoachana hutoka sauti nzito, kama ya kitu kilicho wazi ndani. Mnunuzi wa chungu sokoni hufanya vivyo hivyo. Hukigonga kwa kidole apate kusikia kama kina ufa.

Ulikaji mdogo ukionekana, huondolewa kwa msasa laini wa aina iliyoruhusiwa. Kisha kina cha mahali palipolika hupimwa. Kikizidi kipimo kilichowekwa, panga halitumiki tena, hata kama kwa macho linaonekana zima. Kikiwa ndani ya kipimo, mahali hapo hupakwa dawa ya kukinga alumini, kisha rangi ya kwanza, na mwisho rangi ya juu. Rangi huizuia hewa na maji visiifikie metali, kama yale mafuta katika chupa B yalivyozuia hewa isiingie majini.

Rangi nayo hupakwa kwa uangalifu, kwa sababu ina uzito. Panga moja likipakwa rangi nyingi kuliko mengine, mapanga hayatakuwa sawa kwa uzito. Kwa hiyo, baada ya matengenezo, mapanga husawazishwa.

Wahandisi wamebuni pia njia ya kugundua ufa usioonekana kwa macho. Boriti kuu iliyomo ndani ya panga la Sea King ilikuwa ya alumini yenye uwazi ndani. Uwazi huo ulifungwa kabisa na kujazwa gesi ya naitrojeni kwa kanieneo. Katika somo la hewa ulijifunza kwamba karibu sehemu nne kati ya tano za hewa ni naitrojeni. Gesi hii ikiwa kavu, hailiki metali. Ufa ukitokea katika boriti, gesi huvuja, kanieneo hupungua, na kipimo kidogo kilichowekwa kwenye panga huonyesha rangi ya onyo. Kabla ya kuruka, fundi alitazama kipimo cha kila panga. Akiona rangi ya onyo, helikopta haikuruka.

Siku hizi mapanga mengi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Nyuzi hizo hazipati kutu. Hata hivyo, mapanga hayo bado yana sehemu za metali, nayo bado hupigwa na mchanga na mvua. Kuosha na kukagua hakujakoma.

10. Tukio la Hawaii, mwaka 1988

Hatari ya ulikaji haiko kwa helikopta peke yake. Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya abiria aina ya Boeing 737 ilikuwa ikiruka kutoka mji wa Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, Marekani. Ndani yake walikuwamo watu 95. Ghafla, sehemu kubwa ya paa lake la mbele ilibanduka na kupeperuka. Mhudumu mmoja wa ndege alitupwa nje, akafa. Watu wengi walijeruhiwa. Marubani walifaulu kuitua ndege katika kisiwa cha Maui, na wengine wote waliokuwamo wakaokoka.

Wachunguzi waligundua nini? Ndege hiyo ilikuwa imefanya safari karibu 90,000, nyingi zikiwa fupi, juu ya bahari, katika hewa ya chumvi. Gundi iliyounganisha mabamba ya alumini ilikuwa imeachana, ulikaji ukaingia, na nyufa zikaanza kandokando ya ribiti. Ukaguzi uliofanywa haukuziona nyufa hizo kwa wakati.

Kuna jambo moja zaidi. Abiria mmoja alisema baadaye kwamba alipokuwa akipanda ndege aliona ufa karibu na mlango. Hakumwambia mtu yeyote.

Fikiri juu ya jambo hili pamoja na wenzako. Fundi huosha ili aone, na huona ili aseme. Anayeona dalili ya hatari akanyamaza ni sawa na asiyeona.

11. Sisi nasi tufanye nini?

Huenda hujapata kugusa helikopta. Hata hivyo, kanuni uliyojifunza ni ile ile kwa baiskeli, jembe, panga la shambani, bawaba ya mlango na mashine ya kushonea: osha, kausha, kagua, kinga. Thibitisha kanuni hii kwa jaribio lifuatalo.

Jaribio la 3

Vifaa: misumari 3 mipya, maji ya chumvi, maji matamu, kitambaa kikavu, mafuta ya mashine au grisi, sahani.

Utaratibu:
(a) Kila asubuhi, kwa siku tano, chovya misumari yote katika maji ya chumvi.
(b) Msumari wa kwanza uweke katika sahani bila kuuosha.
(c) Msumari wa pili uoshe kwa maji matamu na uufute mpaka ukauke.
(d) Msumari wa tatu uoshe, uufute, kisha uupake mafuta.
(e) Siku ya sita, linganisha misumari yote mitatu. Ni upi ulio na kutu nyingi zaidi? Ni upi usio na kutu, au wenye kutu kidogo kabisa? Eleza sababu.

Muhtasari

- Chuma hupata kutu kinapopata maji pamoja na oksijeni.
- Chumvi huharakisha ulikaji kwa sababu husaidia maji kupitisha umeme, na kwa sababu huvuta unyevu kutoka hewani.
- Alumini hujikinga kwa gamba jembamba, lakini chumvi hulitoboa na kufanya vishimo.
- Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye maji ya chumvi, moja kati yake hulika upesi.
- Kishimo kidogo huweza kuanzisha ufa katika metali inayopinda mara nyingi.
- Mapanga ya helikopta husuuzwa kwa maji matamu, huoshwa kwa sabuni laini, hukaushwa, hukaguliwa na kupakwa rangi.
- Anayeona dalili ya hatari ni lazima aitoe habari.

Maneno mapya

boriti – kipande kirefu na imara kinachobeba uzito wa kitu
kanieneo – kani inayosukuma juu ya eneo fulani
kitovu – sehemu ya katikati ambamo mapanga hufungwa
nyambizi – chombo kinachosafiri chini ya maji
ribiti – msumari mfupi wa kuunganishia mabamba ya metali
tupa – chombo cha chuma chenye meno madogo, cha kunolea na kukerezea
uchovu wa metali – udhaifu wa metali unaotokana na kupindwa mara nyingi
ulikaji – hali ya metali kugeuka polepole kuwa kitu kisicho na nguvu

Maswali

1. Taja vitu viwili vinavyohitajika ili chuma kipate kutu.
2. Kwa nini msumari wa chupa B haukupata kutu ingawa ulikuwa majini?
3. Tone la maji ya bahari limekaukia juu ya chuma. Eleza kwa nini chuma hicho bado kimo hatarini.
4. Kutu ya chuma na ulikaji wa alumini vinatofautianaje kwa rangi?
5. Kwa nini mafundi husuuza mchanga kabla ya kusugua kwa sabuni?
6. Panga moja limepakwa rangi nyingi kuliko mengine. Ni hatari gani itakayotokea?
7. Naitrojeni iliyomo ndani ya panga ilimsaidiaje fundi kugundua ufa?
8. Mwenzako anasema: "Kishimo hiki ni kidogo, hakidhuru." Mjibu kwa kutumia matokeo ya Jaribio la 2.
9. Ungekuwa wewe yule abiria wa Hawaii, ungefanya nini? Andika sentensi tano.

Kazi ya nyumbani

Tafuta vitu vitano vya metali nyumbani kwenu au shuleni. Andika jina la kila kitu, metali iliyotumika, kama kina dalili ya ulikaji, na jinsi kilivyokingwa. Chagua kimoja chenye kutu. Kioshe, kikaushe na ukipake mafuta. Kikague kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja, kisha uwasomee wenzako darasani yale uliyoyaona.